Pikipiki Iko Uchi: Mwongozo Kamili wa Kuunga Modeli Kubwa ya Plastiki

"Bosi, pikipiki yangu imefanya nini?"

Niliulizwa hivyo kijiweni Sinza, Dar es Salaam, nimechuchumaa nyuma ya Boxer na simu mkononi, napiga picha cheni. Dereva alikuwa na haki. Mtu akipiga picha pikipiki yako bila salamu, akili inaenda moja kwa moja kwenye faini au kwenye mkopo. Nikaanza upya: habari za kazi, samahani kaka, nyumbani nina pikipiki ya plastiki ya sentimita 36 na sijui grisi ya cheni huwa inarukia wapi. Akacheka sana, kisha akanionyesha kwa kidole. "Hapa kwenye rimu, na hapa chini ya matgadi. Upande ule wa pili hukuti kitu, labda matope."

Dakika mbili zile zilinifaa kuliko saa nilizokesha nikitazama video. Modeli ya gari ina bodi. Ukilipaka bodi likang'aa, nusu ya makosa yako yamefunikwa humo ndani. Pikipiki iko uchi. Injini, nyaya, springi, skrubu, ekzosi, vyote viko nje vikimtazama mgeni wako. Ndiyo maana kazi kubwa si kubandika vipande, ni kufanya kila kipande kifanane na kitu kilichotengenezwa nacho: chuma kiwe chuma, mpira uwe mpira, alumini iwe alumini. Na mji huu umejaa walimu wa bure wanaosubiri abiria chini ya mwembe.

Boksi lipi

Kipimo cha 1/6 maana yake kila urefu wa pikipiki halisi umegawanywa kwa 6. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ndiyo inayojulikana zaidi kwa pikipiki za ukubwa huu. Mifano yangu humu inatoka kwenye Honda CB750 Four, pikipiki iliyoingia sokoni 1969 ikiwa na silinda 4 kwa mstari, cc 736 na breki ya diski mbele. Urefu wake halisi ni kama mita 2.16, kwa hiyo modeli inaipita rula ya shule. Chaguo jingine zuri ni Honda CRF1000L Africa Twin, ndefu kidogo zaidi, yenye plastiki nyingi za rangi pembeni. Jina Africa Twin lilianza kutumika 1988, katikati ya miaka ambayo Honda ilishinda mbio za Paris hadi Dakar mara 4 mfululizo, 1986 mpaka 1989. Kwangu mimi CB750 inafundisha zaidi kwa sababu haina pa kujificha.

Kama hujawahi kuunga modeli yoyote, anza na ya 1/12. Makosa ni yaleyale, hasara ni ndogo.

Utaagiza nje. Agiza boksi peke yake, kwa sababu makopo ya sprei na gundi za kimiminika huwaka moto na usafiri wa ndege huvibana. Boksi likifika, kabla ya kukata chochote, hesabu matawi, yaani zile fremu za plastiki zinazoshikilia vipande. Kila tawi lina herufi yake, A, B, C, na karatasi ya maelekezo inaonyesha idadi. Kipande kilichopotea hata uzunguke Kariakoo nzima hukipati.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Vingi vipo hapa hapa. Maduka ya rangi za magari Gerezani na Kariakoo yana msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 2000, puti, praima (rangi ya msingi) ya kopo, klia (ile ya kumalizia isiyo na rangi), tepu ya kufunikia na dawa ya kung'arishia. Duka la dawa lina sirinji, sindano, vijiti vya pamba, kibano na visu vya upasuaji. Vijiti vya mishikaki na vibanio vya nguo ndivyo vishikio vyako vya kupakia rangi: chomeka kijiti kwenye tundu la kipande, kisimamishe kwenye boksi lililojazwa mchanga, huna haja ya stendi ya kununua.

Vitu viwili usivifanyie ubahili. Cha kwanza ni plaizi ndogo ya kukatia yenye ubavu bapa. Cha pili ni gundi ya modeli, ile nyembamba kama maji yenye brashi kwenye kifuniko. Gundi hii haishiki kama supaglu, bali inayeyusha plastiki pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Supaglu ibaki kwa chuma na mpira.

Eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) na kompresa ndogo ni nzuri lakini si lazima kwa modeli ya kwanza. Makopo ya sprei yanatosha kwa tangi, fremu na injini, na brashi inamaliza yaliyobaki. Onyo moja kuhusu rangi za magari: thina yake ni kali, ukiimwaga kwa wingi inatafuna plastiki hadi inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Pulizia praima kwanza, tabaka jepesi kama vumbi, subiri, ongeza. Na chochote kipya kijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupa.

Kuhusu mapafu: barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa thina. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mvuke pembeni, na upulizie nje au barazani, mbali na jiko. Klia ya magari inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, inang'aa kuliko zote, lakini hadena ile ni sumu kwa anayeivuta. Chumbani usiiguse.

Soma maelekezo, kisha yavuruge

Karatasi ya maelekezo inakupangia namna ya kuunga, haikupangii namna ya kupaka. Ukiifuata hatua kwa hatua utajikuta na injini imeshafungwa ndani ya fremu nyeusi huku mapezi yake ya kupozea bado hayana rangi. Isome yote jioni moja, na kalamu mkononi. Vipande vya rangi moja vinavyogusana, viunge kwanza ndipo upake. Vya rangi tofauti, vipake kwanza ndipo uunge. Kwa CB750 mimi hupata mafungu matano: injini, fremu na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, magurudumu, tangi na vifuniko vya pembeni, halafu vitu vyote vya kromu.

Zungushia duara kila mahali palipoandikwa usitie gundi. Usukani lazima ugeuke na magurudumu yazunguke. Tone moja la gundi mahali pasipo pake na pikipiki yako itaenda moja kwa moja maisha yake yote.

Kata kipande kwa mikato miwili: wa kwanza mbali, wa pili karibu na kipande, ukiacha nusu milimita ya kumalizia kwa msasa. Ukikata mara moja tu ukigusa kipande, plastiki inapasuka na kuacha doa jeupe au shimo.

Halafu utafute mshono. Kila kipande kilitoka kwenye kalibu lenye nusu mbili, na pale zilipokutana pamebaki mstari mwembamba. Kwenye bomba la ekzosi au mrija wa usukani mstari huo ndio unaopiga kelele "plastiki!" kuliko kitu chochote. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, kisha msasa namba 600. Ni kazi ya kuchosha, nayo ndiyo nusu ya modeli yote. Weka redio.

Kromu ya kiwandani: iache au iondoe?

Vipande vya kromu kwenye boksi vimepakwa ngozi nyembamba sana ya alumini. Vinang'aa kama kijiko kipya, na hapo ndipo tatizo linapoanza: vinang'aa kupita kiasi, mshono wake huwezi kuusafisha bila kuikwangua kromu, na gundi haishiki juu yake. Mimi matgadi na taa huviacha kama vilivyo, nikikwangua sehemu za kugusana tu. Ekzosi, ambazo kwenye CB750 ni 4 na kila moja ina mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, naivua kromu yote.

Dawa ni Jik ya kufulia. Loweka kwenye kikopo, funika, rudi baada ya nusu saa, na kromu itakuwa imeyeyuka. Ikibaki, ongeza muda, kisha suuza kwa maji mengi. Fanya kazi penye hewa, vaa glavu, na usiichanganye Jik na dawa ya choo wala siki, kwa sababu gesi inayotoka ni hatari. Chini utakuta tabaka la vanishi la njano hafifu. Lisugue kwa msasa wakati huohuo unaposafisha mshono. Kisha piga rangi nyeusi inayong'aa, iache ikauke siku mbili au tatu, halafu juu yake fedha ya kromu kwa matabaka mepesi. Weusi wa chini ukiwa na vumbi, kromu nayo itakuwa na vumbi, hakuna ujanja.

Injini

Anza na nyeusi kila mahali. Ikikauka, pulizia alumini isiyong'aa, ambayo kwa Tamiya ni XF-16, ukitokea juu na pembeni, usielekeze ndani ya mapezi moja kwa moja. Weusi unabaki kwenye mabonde ya mapezi, na injini inapata kina ambacho rangi moja haiwezi kukipa. Vifuniko vya pembeni vya injini ya CB750 halisi vilikuwa alumini iliyosuguliwa, kwa hiyo vipe X-11, inayong'aa zaidi. Vichwa vya bolti viguse kwa kijivu cha chuma, XF-56, kwa ncha ya kijiti cha meno. Rangi tatu za fedha zikikaa jirani, jicho linaamini kwamba kuna metali tatu.

Mwisho, changanya rangi ya mafuta nyeusi na kahawia kwenye thina isiyo kali, si ile ya magari, hadi iwe kama chai ya rangi, iguse kwenye kona na kuzunguka bolti. Itakimbia yenyewe kwenye mapengo. Inayozidi ifute kwa kijiti cha pamba. Usiioshe injini nzima nayo, isije ikafanana na ya pikipiki iliyozama bonde la Jangwani wakati wa masika.

Tangi

Hapa usiwe na haraka. Tangi ndilo mtu analoliona kwanza, na kwa kawaida lina muunganiko unaopita mahali paonekanapo wazi. Paka gundi, bana nusu mbili mpaka plastiki iliyoyeyuka itoke kidogo kama uji ukingoni, funga kwa tepu, kisha ondoka. Siku mbili, si masaa mawili. Ukiwahi kusugua, plastiki bado laini itanywea baadaye na mstari utarudi chini ya rangi.

Msasa 400, 600, 1000, wa maji. Praima. Angalia kwenye mwanga wa dirisha, ukilaza tangi. Mstari ukionekana, puti, msasa, praima tena. Mimi huwa narudia mara tatu.

CB750 za mwanzo zilikuja na rangi za pipi, zile zinazong'aa kutoka ndani, zikiwemo nyekundu na bluu ya kijani. Siri yake ni matabaka: chini fedha, juu yake rangi inayopitisha mwanga, na mwisho klia. Kwa nyekundu tumia X-27. Kila tabaka linaongeza giza, kwa hiyo tangi na vifuniko vya pembeni vipulizie pamoja, idadi sawa ya matabaka, mkono uleule. Nilishawahi kupaka tangi Jumamosi na vifuniko Jumapili, nikapata pikipiki yenye nguo za watu wawili.

Sasa hali ya hewa yetu. Thina inapokauka inapoza uso wa kipande, na hewa ikiwa na unyevu kama wa Dar mwezi wa nne, maji yananaswa ndani ya rangi na kuacha ukungu mweupe. Ni jambo la kawaida kwa rangi za thina. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio msimu wa kupaka tangi. Ukishindwa kusubiri, pulizia saa saba mchana siku ya jua, kamwe si usiku wala baada ya mvua. Ukungu ukishatokea, usiukwangue: siku kavu pulizia thina tupu kwa mbali sana, rangi itafunguka na maji yatatoka. Mwenye kompresa akumbuke kumwaga maji ya kichujio kila baada ya dakika chache, na asianze tabaka la mwisho akiwa na wasiwasi wa umeme kukatika.

Stika za maji zinabandikwa juu ya uso unaong'aa, sio usiong'aa, vinginevyo hewa inabaki chini yake na inaonekana kama magamba. Loweka, sukuma kutoka kwenye karatasi (usiinyanyue kwa kucha), kamua maji kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda nje. Subiri siku moja, klia matabaka mepesi mawili kabla ya tabaka zito, subiri wiki, kisha msasa 2000 wa maji na dawa ya kung'arishia.

Magurudumu

Matairi ya vinyl yana mstari katikati ya kashata. Usugue kwa msasa 400 mpaka tairi lipoteze mng'ao wa duka. Tairi la pikipiki linalotembea limechubuka katikati kuliko pembeni, nenda kaangalie. Rimu ipake rangi kabla ya kuvalisha tairi, kwa sababu vinyl ikigusana na plastiki tupu kwa miaka inaweza kuila.

Spoku za plastiki ni nene. Wapo wanaozitoa na kufuma waya wa mm 0.6, ambao ndio kipimo sahihi kwa spoku halisi ya mm 3.5 hadi 4. Ni kazi ya mwezi. Kwa modeli ya kwanza achana nayo.

Nyaya na mipira

Kama una nguvu ya kuongeza kitu kimoja tu nje ya boksi, ongeza hapa. Gawanya kwa 6: kebo ya klachi yenye unene wa mm 5 au 6 inakuwa mm 1 au chini yake kidogo, waya wa plagi wa mm 7 unakuwa mm 1.2 hivi. Waya mweusi wa spika za masikioni zilizokufa mara nyingi unaingia humo humo. Nenda na vernia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, pima kabla ya kukata. Waya mwembamba wa shaba unaupata kwa mafundi wanaosuka mota, wanakupa kipande bure ukiwasalimia vizuri.

Ncha za kebo halisi huingia kwenye vikombe vya chuma. Vitengeneze kwa sindano mpya: yenye kishikio cha kijani ina unene wa mm 0.8, ya bluu mm 0.6. Usiikate kwa plaizi, inabonyea. Ichonge kwa tupa mpaka ikatike, umevaa miwani. Kipande cha mm 3 kikivalishwa mwisho wa kebo, mtu anaanza kukuuliza umenunua wapi.

Njia ya kebo ifuate usukani. Modeli yangu ya kwanza niliipeleka kijiweni kujigamba. Kijana mmoja akaitazama, akasema "shikamoo mzee, naweza?", akageuza usukani kulia mpaka mwisho, na kebo ya klachi ikachomoka kwenye mkono wa klachi palepale. "Hiyo ingekuua Ubungo," akasema. Kebo lazima iwe na ulegevu wa kutosha usukani ukigeuka pande zote mbili, na mikunjo yake iwe mipana. Pima usukani ukiwa umegeuka, kisha ndipo ubandike.

Uchafu, kwa kiasi

Kwenye CB750 cheni iko kushoto. Kwa hiyo grisi iende kushoto: kifuniko cha sproketi, rimu ya nyuma, chini ya matgadi. Changanya kahawia na nyeusi na tone la klia ili ibaki na unyevunyevu machoni. Ekzosi hubadilika rangi kwa joto, na mpangilio wake haubahatishwi: karibu na injini bluu, ikifuatiwa na zambarau, kisha njano ya majani makavu inayofifia. Pulizia X-23, bluu inayopitisha mwanga, kidogo sana kwenye kona ya kwanza. Vumbi letu la kichanga ni la kijivu na hafifu, na hukaa chini, kwenye stendi, chini ya injini, ndani ya kashata. Juu ya tangi dereva hupangusa kila asubuhi, kwa hiyo pale paache.

Pedali ya gia na mpira wa kukanyagia vichubue kidogo kwa fedha kwenye ncha, mahali kiatu kinapogusa. Inatosha.

Kibao

Mafundi samani wa Keko wana vipande vya mninga vilivyobaki, na kwa maelewano watakupigia randa na vanishi kabisa. Toboa tundu chini ya kila tairi, pitisha waya wa chuma ndani ya rimu hadi kwenye kibao, pikipiki haitaanguka mtu akigonga meza. Isikae dirishani, jua la mchana linafifisha stika na kukunja plastiki nyembamba. Kifuniko cha kioo ni bora, na wanaotengeneza matangi ya samaki wanakutengenezea kwa vipimo vyako.

Ukikosa kioo, pangusa mara moja kwa mwezi kwa brashi laini ya vipodozi. Zima feni kwanza. Kioo cha pembeni cha CB750 yangu nilikitafuta chini ya kabati kwa siku mbili.